Hatari ya tiba ya moyo inayomfuata mgonjwa kutoka Nairobi hadi Nyeri

IJUMAA ya Oktoba 1, 2004, Tony Blair, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza wakati huo, aliingia Hospitali ya Hammersmith jijini London, akapitishwa mrija mwembamba hadi moyoni ili kurekebisha mapigo yaliyokuwa yakienda mrama. Kabla ya wiki iliyofuata kumalizika alikuwa ameshatua Khartoum kwa mazungumzo na serikali ya Sudan, kisha akaelekea Addis Ababa kwenye kikao cha Tume ya Afrika. Walioitazama safari hiyo walibaki na picha ya tiba nyepesi, isiyomzuia mtu kurejea kazini.

Picha hiyo haijafutika. Mgonjwa wa Karatina au Nanyuki anayeelezwa leo na mtaalamu wa Nairobi kwamba moyo wake waweza kutulizwa kwa mrija, huambiwa pia kuwa hakuna kupasuliwa kifua, kwamba atalala hospitalini usiku mmoja au miwili, kisha arudi kwake. Yote hayo ni kweli. Kisichosemwa kwa uzito unaostahili ni kwamba hatari kubwa kuliko zote katika tiba hiyo, ingawa ni ya nadra, haijitokezi katika chumba cha upasuaji wala wadini. Hujitokeza wiki mbili au tatu baadaye, mgonjwa akiwa nyumbani, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwa daktari aliyemtibu.

Blair alikuwa na nafuu mbili ambazo wagonjwa wengi wa Mlima Kenya hawana. Kwanza, maradhi yake yaliripotiwa kuwa ya ile aina ambayo umeme wa moyo huzunguka katika njia moja inayojulikana ndani ya chumba cha juu. Njia hiyo ikikatwa, mgonjwa hupona katika zaidi ya visa tisa kati ya kumi, na madhara makubwa ni machache. Pili, makazi yake na hospitali iliyomtibu vilikuwa katika jiji moja.

Aina inayowasumbua wazee wengi zaidi, pamoja na vijana kadhaa wenye vali zilizoharibika, ni nyingine. Huu ni mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo. Badala ya kudunda, vyumba hivyo hutetemeka. Damu hutuama, huganda, na donge likitoka humo na kufika kwenye ubongo huleta kiharusi. Mwenye mpapatiko anakabiliwa na hatari ya kiharusi inayokaribia mara tano ya ile ya mtu asiye nao. Wapo wanaohisi moyo kwenda mbio na kukosa pumzi wanapopanda mlima na mtungi wa maziwa mgongoni, na wapo wasiohisi lolote hadi siku mkono unapolegea.

Eneo la Mlima Kenya halina haja ya kukumbushwa habari za magonjwa ya namna hii. Rais Uhuru Kenyatta alipozindua majaribio ya mpango wa afya kwa wote mnamo Desemba 2018, Nyeri iliteuliwa pamoja na Kisumu, Machakos na Isiolo, na sababu ya kuteuliwa kwake ilikuwa mzigo wa maradhi yasiyoambukiza, hasa shinikizo la damu na kisukari. Shinikizo la damu lililoachwa bila tiba kwa miaka mingi ndilo mojawapo ya vyanzo vikuu vya mpapatiko wa moyo.

Tiba ya mrija, ambayo madaktari huiita ablesheni, ilipata njia mwaka 1998, wakati Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux nchini Ufaransa walipoonyesha kuwa cheche zinazowasha mpapatiko hutoka mara nyingi kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Daktari hutoboa mshipa wa kinena, hupandisha mrija hadi moyoni, huvuka ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu, kisha huchoma au kugandisha kwa baridi kali duara la nyama kuzunguka midomo ya mishipa hiyo. Kovu linalobaki huzuia umeme kupita.

Maelezo hayo yanatosha kuonyesha mahali hatari zinapotoka. Kinena kinaweza kuvuja damu au kuvimba. Ukuta wa moyo unaweza kutobolewa, damu ikajaa ndani ya mfuko unaouzunguka na kuubana usidunde. Donge la damu laweza kusafiri hadi kwenye ubongo. Neva inayoendesha kiwambo cha kupumulia inaweza kujeruhiwa, hasa pale baridi inapotumiwa, na mishipa ya mapafu ikasinyaa miezi kadhaa baadaye.

Takwimu zimekuwa zikiboreka. Uchunguzi wa kimataifa uliotolewa mwaka 2005, ukihusisha wagonjwa 8,745, ulikuta madhara makubwa katika takriban asilimia 6. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2023, uliojumlisha majaribio 89 na wagonjwa 15,701, ulikuta madhara ya kila aina katika asilimia 4.5, makali katika asilimia 2.4, na vifo katika asilimia 0.06, yaani pungufu ya mtu mmoja kwa kila elfu. Kwa tiba inayoingia ndani ya moyo, hesabu hiyo si mbaya.

Lakini takwimu za majaribio hutoka katika vituo vilivyochaguliwa. Nje ya majaribio sura inaweza kubadilika. Watafiti wa Marekani waliopitia rekodi za hospitali za nchi hiyo kati ya 2000 na 2010, jumla ya matibabu 93,801, walikuta madhara katika asilimia 6.3 na vifo hospitalini katika takriban asilimia 0.5. Waliona pia kuwa matokeo yalikuwa mabaya zaidi pale daktari alipofanya kazi hiyo chini ya mara 25 kwa mwaka, au hospitali chini ya mara 50.

Hapo ndipo swali la Kenya linapoanza. Wataalamu wa umeme wa moyo nchini ni wa kuhesabika, na kazi hiyo imejikita Nairobi. Katika nchi nyingi kusini mwa Sahara haipatikani kabisa. Si aibu kwa daktari kuwa na wagonjwa wachache wa aina fulani, maana kila kituo kikubwa kilianza na mgonjwa wa kwanza. Ila mgonjwa ana haki ya kuuliza ni wagonjwa wangapi wa mpapatiko, si wa moyo kwa jumla, waliotibiwa kwa mrija na daktari huyo katika mwaka uliopita, na ni nani atakayefungua kifua usiku huohuo moyo ukitobolewa. Daktari anayejua kazi yake hachukizwi na swali hilo.

Sasa ile hatari inayochelewa. Umio, yaani njia ya chakula, hupita nyuma tu ya chumba cha juu cha kushoto cha moyo, umbali wa milimita chache. Joto la mrija likipenya kupita kiasi, umio huungua kwa upande wa nje bila yeyote kufahamu. Siku zinavyosonga, kidonda hukua hadi tundu likaunganisha umio na moyo. Hewa, chakula na vijidudu huingia kwenye damu.

Uchunguzi wa kimataifa uliotolewa mwaka 2023, uliofuatilia zaidi ya matibabu 553,000 katika nchi 35, ulikuta wagonjwa 138 wa aina hiyo. Hiyo ni asilimia 0.025, au mtu mmoja kati ya kila 4,000. Mtu angeweza kuiondoa namba hiyo mawazoni, lau si ile inayofuata: takriban thuluthi mbili ya wagonjwa hao walifariki. Miongoni mwa waliofanyiwa upasuaji, karibu nusu walinusurika. Wale ambao hawakufanyiwa upasuaji wala tiba ya kuziba tundu kwa kupitia kooni walifariki karibu tisa kati ya kila kumi. Dalili zilianza, kwa wastani, siku ya 18 baada ya tiba, na wengine hata mwezi wa pili. Dalili ya kwanza kwa walio wengi ilikuwa homa.

Homa. Mtu aliyetoka Nairobi wiki tatu zilizopita, akiwa na kidonda kidogo cha kinena kilichopona, anaamka Mukurweini au Kerugoya akiwa na homa na maumivu kidogo anapomeza. Hatafikiria moyo. Atakwenda kwenye zahanati au duka la dawa lililo karibu. Milima ya Nyeri ni ya baridi na malaria si tatizo kubwa huko, kwa hiyo mshukiwa wa kwanza huwa homa ya matumbo, mara nyingi kwa kutegemea kipimo cha Widal ambacho kimelaumiwa kwa miaka mingi kwa majibu yasiyoaminika. Anapewa viuavijasumu. Homa inashuka siku mbili, halafu inarudi pamoja na kuchanganyikiwa au kupooza upande mmoja. Mlangoni mwa hospitali anaandikwa kuwa mgonjwa wa kiharusi au wa homa ya uti wa mgongo.

Kosa moja linaweza kummaliza hapo. Mgonjwa akilalamika kuwa hawezi kumeza, daktari mwangalifu hushawishika kuteremsha kamera kooni ili aone kilichomo. Kwa kawaida huo ni uamuzi mzuri. Kwa mgonjwa huyu, hewa inayopulizwa ili kupanua umio hupenya kwenye tundu, huingia moyoni na kukimbilia kwenye ubongo. Kinachotakiwa ni picha ya CT ya kifua, mashine ambayo sasa inapatikana katika baadhi ya hospitali za eneo hili, kisha mgonjwa akimbizwe kwa wapasuaji wa kifua. Kamera haina nafasi hadi picha hiyo isomwe.

Afisa wa kliniki aliye zamu Jumamosi usiku hapaswi kulaumiwa kwa kutojua hayo. Huenda asikutane na mgonjwa wa namna hiyo maisha yake yote. Anayepaswa kujua kwa niaba yake ni hospitali iliyomtibu mgonjwa, na njia ya kumjulisha ni karatasi moja: tiba iliyofanywa, tarehe, aina ya nishati iliyotumika, dawa anazomeza, onyo kuhusu homa, kumeza kwa shida na dalili za kiharusi katika miezi miwili ya kwanza, amri ya kutoteremsha kamera kabla ya CT, na nambari ya simu inayopokelewa usiku. Mambo haya si siri ya taaluma, yamo katika miongozo ya kimataifa. Hata hivyo, fomu ya kutoka hospitalini mara nyingi huandikwa kwa vifupisho ambavyo hata muuguzi wa wadi nyingine hawezi kuvifumbua, na mgonjwa huiweka kwenye bahasha pamoja na risiti.

Barabara imerahisisha kiasi. Upanuzi wa sehemu ya Kenol hadi Marua kupitia Sagana umepunguza misongamano iliyokuwa ikiwakwamisha madereva wa ambulansi. Lakini gari la haraka halimsaidii mgonjwa ambaye bado anatibiwa homa ya matumbo.

Jambo la pili linalomfuata mgonjwa nyumbani ni dawa ya kuzuia damu kuganda. Wengi hudhani kuwa moyo ukitulia, dawa zimekwisha. La hasha. Sehemu zilizochomwa ni vidonda, na damu hupenda kuganda juu ya kidonda. Miongozo inataka dawa hiyo iendelee kwa angalau miezi miwili au mitatu kwa kila aliyetibiwa. Baada ya hapo, uamuzi wa kuendelea hutegemea umri, shinikizo la damu, kisukari na historia ya kiharusi, hata kama mapigo yamenyooka. Mama wa miaka 70 mwenye shinikizo la damu huenda akameza dawa hiyo maisha yake yote. Kama aliuza ng'ombe akitumaini kuachana na vidonge, ni heri aambiwe kabla ng'ombe hajauzwa.

Wengi bado wanatumia wafarini kwa kuwa ni nafuu. Dawa hiyo hudai kupimwa damu mara kwa mara, kipimo kiitwacho INR, na haielewani vyema na mabadiliko ya ghafla ya mlo. Sukuma wiki, managu, terere na majani ya malenge yanayosagwa ndani ya mukimo yana vitamini inayopunguza nguvu yake. Mgonjwa hakatazwi kula mboga za kwao. Anatakiwa kula kiasi kilekile wiki baada ya wiki, na kupima damu msimu wa mvua unapojaza mashamba majani. Katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, Consolata Mathari, Tumutumu au Outspan, swali la kuuliza ni lilelile: je, kipimo hicho kinapatikana kila wiki, na ni nani atakayebadilisha dozi siku majibu yanapotoka?

Dawa mpya zisizohitaji kipimo hicho zimewapunguzia wengi usumbufu, lakini si wote. Jaribio lililotangazwa mwaka 2022, lililohusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 wenye mpapatiko wa moyo na vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi katika nchi 24, lilionyesha kuwa wafarini na dawa za jamii yake ziliokoa maisha zaidi kuliko dawa mpya iliyolinganishwa nazo. Wagonjwa hao walikuwa na umri wa wastani wa takriban miaka 50, wengi wao wanawake.

Habari hiyo inawahusu Wakenya moja kwa moja. Katika orodha kubwa ya kimataifa ya wagonjwa wa mpapatiko wa moyo, waliokuwa na vali zilizoharibiwa na homa hiyo walikuwa asilimia 2.2 katika Amerika Kaskazini na asilimia 21.5 barani Afrika. Kwa hiyo takwimu za ablesheni kutoka London au Boston, ambazo zinahusu mioyo yenye vali nzima, hazifai kunukuliwa kwa mwanamke wa miaka 40 kutoka Embu ambaye vali yake imebanwa. Yeye kwanza anahitaji vali ishughulikiwe. Kumchoma bila hivyo ni kufagia maji paa likiwa bado linavuja.

Je, tiba yenyewe ina faida gani ya kulipia hatari hizi? Kwa mtu anayesumbuliwa na mapigo licha ya dawa, faida ipo na haina ubishi: hali ya maisha huwa bora na siku za hospitali hupungua. Kwa baadhi ya wagonjwa wenye moyo uliodhoofika, jaribio la mwaka 2018 lilionyesha vifo vikipungua pia. Lakini kwa wagonjwa kwa jumla, jaribio kubwa la CABANA la mwaka 2019, lenye wagonjwa 2,204, halikuonyesha tofauti ya wazi ya vifo, kiharusi au kuvuja damu kati ya waliochomwa na waliomeza dawa. Isitoshe, mpapatiko hurudi kwa wengi. Si ajabu mgonjwa mmoja kati ya wanne au watatu kuhitaji kurudia, na kila kurudia ni hatari na gharama upya.

Na gharama huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi. Mfuko wa SHA, ulioanza kazi Oktoba 1, 2024 mahali pa NHIF, una utaratibu wake wa kuidhinisha malipo, na mgonjwa anashauriwa kupata jibu la maandishi kuhusu kiasi kitakacholipwa kabla ya kukubali tarehe. Kinachobaki hutoka mahali pa kawaida: bonasi ya majani chai ya Oktoba, mkopo wa chama cha ushirika, kundi la WhatsApp na mchango wa kanisa. Ukarimu huo ni fahari ya eneo hili, lakini una shinikizo lake la kimya. Kijiji kikishachanga, mgonjwa huona haya kusema kuwa daktari wa pili amemshauri asubiri, ajaribu dawa kwanza, au apunguze uzito na pombe, mambo ambayo yamethibitika kupunguza mpapatiko. Na bajeti ya mchango huishia siku ya kutoka hospitalini. Ni nadra kuona ndani yake fungu la vipimo vya miezi mitatu, au la CT ya dharura.

Teknolojia mpya inatoa matumaini. Mirija inayotumia mipigo mifupi ya umeme badala ya joto iliidhinishwa Marekani kati ya Desemba 2023 na Januari 2024. Katika ripoti ya wagonjwa 17,642 iliyotolewa mwaka 2024, hakuna hata mmoja aliyepata tundu la umio, na madhara makubwa yalikuwa karibu asilimia 1. Bado moyo uliweza kutobolewa, viharusi vilitokea, na wachache waliharibika figo kwa muda baada ya chembe za damu kupasuka. Mgonjwa anayetafuta tiba Nairobi au India anapaswa kuuliza ni mashine ipi itakayotumika kwake, maana jina la tiba ni moja na hatari zake si moja.

Kwa serikali za kaunti, kazi iliyo karibu zaidi haihitaji mashine hiyo. Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Embu, Meru na Laikipia hupeleka wagonjwa wa moyo Nairobi kila wiki, na Othaya kuna Hospitali ya Mwai Kibaki, ambayo iliwahi kuwa chini ya usimamizi wa Hospitali Kuu ya Kenyatta. Kituo kimoja katika eneo hili kikipewa jukumu la kupokea taarifa za kila aliyetibiwa kwa mrija, kumpigia simu wiki ya pili, ya tatu na ya nne, na kupima INR yake, mgonjwa mwenye homa siku ya 18 atakuwa na mahali pa kupiga simu kabla hajafika kwenye duka la dawa. Hadi sasa, jukumu hilo liko mikononi mwa mgonjwa mwenyewe na bahasha yake.